Sauti ya Mama kwenye Kitufe cha Kwanza

Kaloleni, Nairobi
Jumamosi, 8 Februari 2025

Phares mpenzi wangu,

Mume wangu. Ngoja niliandike tena nione linavyokaa kwenye karatasi: mume wangu. Tangu Desemba nimekuwa nikilisema neno hili hata mahali lisipohitajika. Jana nilimwambia muuza makaa kwamba mume wangu anapenda makaa makavu, naye akaniangalia akasema, "Basi mume wako aje achague." Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Unajua kwa nini naandika badala ya kungojea simu. Simu yako inashika ukiwa juu ya kile kilima tu, tena Jumapili, tena mkipewa gari. Nyinyi ndio mnajenga minara ya mtandao, na nyinyi ndio hamna mtandao. Nikimweleza jirani yetu Adoyo anadhani namtania. Afadhali lori la Wehliye. Nampelekea barua Eastleigh anapopakia unga na maji yenu, na baada ya siku chache najua mkono wako umeshika karatasi niliyoishika mimi. Simu haina raha hiyo.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimeapa nikufiche mpaka urudi, lakini mimi siwezi kukuficha kitu. Nikijaribu, hata usingizi sipati.

Nilipita kwa Mohamednur, yule wa Eastleigh aliyekuuzia spika zako kubwa ulipokuwa ukipiga muziki kwenye sherehe. Juu ya kioo cha duka lake palikuwa na kidude cha rangi ya machungwa, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo cha kanisani, kina vitufe kumi na sita. Akakisemesha, "Karibu dukani." Akabonyeza kitufe, nacho kikasema karibu dukani kwa sauti yake. Akabonyeza harakaharaka: ka-ka-ka-karibu. Akazungusha kinundu, sauti ikawa ya jitu, halafu ya panya. Wateja waligeuka kuniangalia nilivyocheka. Anasema inaitwa sampla. Inanasa sauti yoyote, unaikata, unaipanga, inakuwa muziki. Inatumia betri za kawaida na inaingia mkobani.

Bei yake ni ya chini, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Ni chombo cha kazi au ni mchezo wa watoto? Wewe unatengeneza biti zako kwenye simu iliyopasuka kioo na bado zinanitoa machozi. Sitaki nikuletee kitu cha kukuaibisha mbele ya wenzako. Mohamednur ameniruhusu nikae nacho mpaka mwisho wa mwezi nikijaribu. Niambie nikipime vipi.

Mama yako ni mzima. Ananiita Nyar Alego, binti wa kwetu Alego, na bado hajaniambia kama chai yangu ni nzuri. Nangoja.

Mke wako (liangalie na hilo neno pia),
Elsie

* * *

Kambi ya minara, Marsabit
Alhamisi, 13 Februari 2025

Elsie wangu,

Barua yako ilifika ikinukia vitunguu na mafuta ya nywele, na wenzangu wakaninyang'anya wakaisoma kwa sauti. Ile habari ya makaa wameiimba jioni nzima.

Kuhusu sampla, usiipende kabla hujaijua. Ipime hivi. Jua kwanza inaweza kushika sauti ya muda gani, kwa sababu nyingi za bei hiyo hujaa upesi, na ikijaa ni lazima ufute kitu ndipo uweke kingine. Halafu toa betri, kaa kidogo, zirudishe. Kama sauti zimepotea, mrudishie Mohamednur siku hiyohiyo. Kisha iunganishe na zile spika zangu, maana spika yake ya ndani itakudanganya. Na usinase muziki wa redio. Nasa vitu vya kwetu: matangi, vifuniko vya sufuria, mafundi wa Gikomba wakigonga mabati, watoto uwanjani. Ikiweza kulifanya bati liwe ngoma, hiyo ni chombo.

Lakini Mama usimguse. Nimeitaka sauti yake tangu nikiwa shule. Hakuna mwanamke Kaloleni anayelia msibani kama yeye. Akipiga nduru moja, hata walio mbali wanajua kuna maiti, wanaacha walichoshika na kuja. Nimemwomba aimbe wimbo mmoja tu kwenye simu yangu, amekataa. Kwaya ilipokuwa ikirekodi, alichukua mkoba wake akaenda nyumbani. Anasema sauti yake ni ya kazi, haiwekwi. Basi muache.

Mimi ni mzima. Kazi ya stoo haina jasho. Nakaa kivulini, natoa nyaya na misumari, naandika nani amechukua nini. Usiwe na wasiwasi, na umwambie Mama hivyohivyo.

Mumeo,
Phares

* * *

Kaloleni
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mume wangu mtamu,

Umemwoa mwanamuziki na hukujua. Nimenasa kila kitu. Tangi la Adoyo likiwa tupu linasema "dumm" kama kifua cha mtu mkubwa, na likiwa limejaa linanyamaza kama bibi harusi. Gikomba nilisimama kwa mafundi wa mabati mpaka mmoja akaniuliza kama nimetumwa na askari wa jiji. Nikamwonyesha sampla, akaigongea bati kwa madaha hasa, na wenzake wakaanza kugombania zamu.

Matokeo ndiyo haya. Betri nilizitoa nikapika ugali, nikazirudisha, sauti zote zilikuwemo. Kujaa inajaa upesi kweli, na inanifanya nichague, jambo ambalo mwanzoni lilinikasirisha na sasa linanifurahisha; kila nikitaka kuweka kipya najiuliza ni kipi nisichokipenda. Spika yake ya ndani ni kama nzi ndani ya kopo. Kioo chake ni kidogo, nakisoma kwa kuinama. Vitufe ni vigumu, lakini vidole vinazoea. Na ile ya kurudia, ukibonyeza mara moja sauti inazunguka yenyewe mpaka ubonyeze tena, hiyo naipenda kuliko zote. Nikiweka tangi likazunguka, juu yake bati la Gikomba, mimi huyo nacheza peke yangu chumbani na ufagio. Ufagio unajua jina lako.

Sasa kuna jambo jingine, na ukikasirika nitakuelewa.

Mzee Odera wa reli alifariki wiki iliyopita. Jana mwili uliondoka hapa Kaloleni kwenda kuzikwa nyumbani. Tulikuwa wengi uwanjani, jeneza likaingizwa kwenye gari, na Mama akafungua kinywa. Phares, nimekulia kwetu Alego, nimesikia vilio, lakini sijawahi kusikia hicho. Ilianza chini kama mtu anayeita mtoto chakula, halafu ikapanda na haikurudi. Watu waliokuwa wakinong'ona waliacha. Sampla ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na mkono wangu uliingia mkobani wenyewe. Nilinasa nduru moja tu.

Nilijiambia nafanya kwa ajili yako. Nimeisikiliza kwa zile spika za sikioni na nikalia tena. Mama hajui. Niifute?

Mkeo anayeogopa kidogo,
Elsie

* * *

Kambi ya minara
Jumanne, 25 Februari 2025

Elsie,

Ningepaswa kukugombeza. Nimekaa na barua yako siku nzima nikitafuta hasira, sijaipata.

Usiifute. Nisikilize vizuri. Iweke kwenye kitufe cha kwanza, peke yake, isiguswe na kitu kingine. Ikate ile sehemu ya mwanzo inayoanzia chini. Iache izunguke, na chini yake weka lile tangi tupu, polepole sana. Iunganishe na spika zangu uisikie ilivyo, maana kwenye spika za sikioni utasikia nusu. Fanya Mama akiwa hayuko, na sauti uiweke chini kabisa. Halafu uniandikie kila kitu ulichosikia, hata kama ni kurasa kumi.

Nikirudi nitamwambia mwenyewe. Nitapiga magoti kama ni lazima.

Mwambie Mohamednur kidude chake naanza kukiheshimu.

Huku joto ni kali, lakini stoo ina paa zuri.

Phares wako

* * *

Kaloleni
Jumapili, 2 Machi 2025

Phares,

Uko hai? Nijibu hilo kabla ya kusoma lolote lingine. Tumeingoja simu yako tangu asubuhi na hukupiga, na kila mtu humu ndani anaangalia simu yangu kana kwamba ni chungu kitakachochemka.

Nitaandika ilivyokuwa.

Jana asubuhi Mama alikwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nikaunganisha sampla na spika zako. Nikaweka nduru yake kwenye kitufe cha kwanza kama ulivyosema, nikabonyeza ile ya kurudia, sauti chini kabisa. Haikuwa imezunguka mara tatu, stima ikapotea. Spika zikanyamaza. Nilizungusha kinundu chao cha sauti mpaka mwisho nione kama zimekufa kabisa, na zilikuwa zimekufa. Nikafunga chumba kwa kufuli, nikaenda Gikomba kutafuta kitambaa cha meza.

Sikukumbuka kwamba sampla ina betri zake, na kwamba waya ukiwa umechomekwa spika yake ya ndani hunyamaza. Spika zilikuwa zimezimika, lakini yenyewe iliendelea kuzunguka kimya ndani ya chumba kilichofungwa, nduru baada ya nduru, na hakuna aliyeisikia.

Stima ilirudi nikiwa Gikomba.

Haya niliambiwa baadaye. Wanasema nyumba ilitikisika. Wanasema hata watu waliokuwa upande wa pili wa uwanja walisimama. Kila mtu hapa anaijua sauti ya Mama, na kila mtu anajua kwamba hailii bure, na kila mtu anajua mwanawe mmoja yuko wapi. Hakuna aliyeuliza. Wanawake walivua viatu wakaja mbio. Walipofika mlangoni wakakuta kufuli, wakadhani mtu amemfungia Mama ndani na uchungu wake.

Mimi narudi nimekumbatia kitambaa cha maua ya njano, naona watu wamejaa kwetu. Adoyo akanikimbilia, akaniangukia shingoni. "Pole, mama. Pole sana. Phares ametuacha."

Nikasikia ile nduru ikitoka nyumbani, na nikaamini. Phares, mimi niliyeinasa kwa mkono wangu, mimi niliyeisikiliza usiku na mchana, sikuitambua. Nilisikia mama mkwe wangu akimlilia mume wangu, basi. Sijui kitambaa kilikwenda wapi. Najua kwamba nilikaa chini kwenye matope na nikafikiri kwamba sijawahi hata kuiona mvi yako ya kwanza, na Adoyo alikuwa amenishika kichwa akisema, "Si mwanangu Owuor alimkanya? Alimwambia asipande ule mnara bila mkanda."

Nilisikia neno mnara. Sikuwa na mahali pa kuliweka wakati ule.

Halafu watu wakapisha njia. Mama alikuwa amerudi, na leso yake nyeupe ya kanisani kichwani. Hakuna aliyekuwa amempigia simu, kwa sababu wote walidhani yuko ndani. Alisimama katikati ya watu waliokuwa wakimlilia mwanawe, akasikiliza. Nduru iliisha, ikaanza tena. Nilimwona akijisikiliza mwenyewe.

Akasema polepole, "Hiyo ni sauti yangu. Kama mimi ndio kwanza nafika, ni nani anayenililia mtoto?"

Akamwangalia Adoyo usoni, akaona machozi, na akafungua kinywa. Sasa zikawa mbili, ya ndani na ya nje, na hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi.

Owuor ndiye aliyevunja kufuli. Tukamsikia akitukana, kisha akatoka ameshika kidude cha machungwa, waya unaburutika nyuma yake, taa yake ndogo bado inawaka. Ya ndani ilinyamaza. Ya nje haikuwa na kitufe. Ilituchukua muda mrefu kumwelewesha Mama, na sidhani ameelewa bado. Kuna waliocheka kwa kushtuka, wakaacha wenyewe.

Alipotulia hakuniangalia mimi. Alimwangalia Owuor, ambaye mlikuwa naye kambini mpaka mwisho wa Januari, akamuuliza swali moja: "Anapanda nini?"

Na Owuor akamwambia. Kwamba stoo ilipewa mtu mwingine kabla hujafika. Kwamba unapanda juu mahali ambapo watu wanaonekana kama kuku. Mtaa mzima ulijua, Phares. Ndiyo sababu waliamini upesi hivyo. Tuliokuwa hatujui ni wawili, na wote wawili tunalala kwenye nyumba yako.

Mimi sikuweza kukuficha hata sampla.

Elsie

* * *

Kaloleni
Jumanne, 4 Machi 2025

Phares,

Wehliye hajaondoka, anasema barabara ya kwenu imekatwa na mvua. Barua hii na ya Jumapili zitakufikia pamoja, kama upo.

Jana nilipiga ofisi ya kampuni yenu hapa mjini. Msichana akasema hajasikia ajali yoyote. Nikamshukuru. Halafu akasema hajasikia chochote kabisa kutoka kambini tangu Ijumaa, nami nikakata simu kabla sijamwambia mke wa mtu hawezi kujibiwa hivyo.

Mama hasemi nami. Anaweka chakula mlangoni kwangu, anagonga, anaondoka. Watu wanakuja, wanakaa, hawajui kama ni matanga au si matanga. Mmoja alileta sukari, akaona aibu, akarudi nayo.

Mohamednur alikuja kuchukua chombo chake, maana mwezi umekwisha. Nilimweleza mlangoni, na nilijua atanicheka. Hakucheka. Alisema kwao pia mama hawezi kuliliwa mtoto aliye hai kisha watu wanywe chai. Akajitolea kuifuta ile sauti palepale. Nilikuwa tayari kumpa. Mama akatoka ndani, akaichukua sampla mikononi mwake, akarudi nayo.

Leo ameniita. Ameniambia nishike kalamu. Yafuatayo ni yake.

Bado ni mkeo, na nina hasira nawe, na nakupenda, usiniulize ni kwa mpangilio gani,
Elsie

* * *

Kaloleni, siku hiyohiyo

Phares mwanangu,

Naandikiwa na mke wako. Nimemwambia aandike ninavyosema, asitie sukari.

Nimesikia nitakavyokulilia. Wazazi wengine hawajui, mimi sasa najua. Ni kilio kizuri. Watu wote wamekisifu na hakina pa kurekebishwa. Kwa hiyo sina haja ya kukirudia.

Shuka.

Sikuulizi kwa nini ulinidanganya. Najua kwa nini. Baba yako pia alikuwa akiniambia yuko ofisini, kumbe yuko chini ya mabehewa. Wanaume wa nyumba hii wanadhani uongo ni blanketi.

Hicho kidude kiko kabatini kwangu, chini ya leso. Mwenye duka alitaka kufuta kilio, mke wako naye alitaka, nimewakataza. Nilipolia uwanjani nilimlilia Odera, na Odera amezikwa, kwake kimekwisha. Lakini Jumamosi kimelia tena, na safari hii watu wamekulilia wewe. Nikikifuta mimi, ni kama nimemaliza matanga yako. Aliyeliliwa ndiye atakayekifuta, kwa kidole chake, mbele ya waliolia. Kabla ya hapo hakitoki nyumbani kwangu, na Mohamednur amekubali.

Mke wako ana makosa, lakini si ya ubaya. Anapenda kupita kiasi. Atazoea. Chai yake ni nzuri.

Rispa, mama yako

(Hilo la chai amelisema mwenyewe. Sijaongeza. E.)

* * *

Kambi ya minara
Jumapili, 9 Machi 2025

Elsie wangu, na Mama kama utamsomea,

Niko hai. Sikupiga simu kwa sababu mto wa mchanga ulio kati yetu na kilima ulijaa maji, na gari halikuvuka. Leo pia halijavuka. Wehliye amepita njia ya juu na ndiye atakayerudi na barua hii.

Aliniletea barua zenu tatu asubuhi nikiwa chini ya mnara, nimekwisha kufunga mkanda. Nilifikiri nisome ya kwanza kisha nipande. Nikasoma ya kwanza. Nikasoma ya pili. Ya Mama nilipofika kwenye lile neno moja lililosimama peke yake, nilifungua mkanda nikauweka chini. Msimamizi aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia nimefiwa, kwa sababu sikujua jina jingine la kuliita. Akaniuliza ni nani.

Nilipofika hapa Januari waliniambia stoo ina mtu tayari. Nilikuwa nimetoka kuoa. Watu walikuwa wamecheza kwenye harusi yangu mpaka wakachanika nguo, na mke wangu alikuwa akiwaambia wauza makaa habari zangu. Sikuona ningerudi vipi nikiwa mikono mitupu. Nikasema nitapanda mwezi mmoja tu. Kila nilipokuandikia kuhusu paa la stoo nilikuwa naliangalia lile paa kutoka juu.

Hakuna kazi ya chini hapa. Nimeuliza. Kwa hiyo narudi bila kazi, na lori la Wehliye, likirudi huku tena, litanifikisha Jumamosi, barabara ikikubali.

Mama, nitafanya ulivyosema. Lakini nisikudanganye tena. Nimeitaka sauti yako maisha yangu yote na sasa imo ndani ya kitu kimoja tu, na unataka niifute kwa kidole changu. Nataka niisikie kwanza. Na nikishaisikia, sijui kama kidole kitakubali.

Phares

* * *

Kaloleni
Jumapili, 16 Machi 2025, alasiri

Mume wangu,

Umelala hapa kando yangu, jua la dirishani limekukalia mgongoni, na ninaweza kukugusa kwa kiwiko. Hakuna sababu ya kukuandikia. Lakini jana ulikuwa umefumba macho, kwa hiyo kuna mambo mimi niliyaona na wewe hukuyaona, na nikingoja uamke nitaanza kukubusu na habari itapotea.

Kwanza sampla. Mohamednur ametuachia mpaka upate kazi, na asubuhi umeichezea kwa mara ya kwanza ukasema kinundu chake kimelegea na spika yake ni aibu. Halafu ukakaa nayo saa nzima hukunisikia nikikuita. Mimi nilishakata shauri siku nyingi. Haina nafasi, haina kioo cha maana, inakula betri, na tunaichukua.

Sasa ya jana. Ulipoingia uwanjani na begi lako, Adoyo alikugusa shavu, halafu akagusa lake mwenyewe, kana kwamba analinganisha. Owuor alijificha nyuma ya watu, anaogopa umekasirika kwa kufuli. Hukuona hayo. Ulikuwa unamtafuta Mama.

Hakukukumbatia. Alikuwa ameketi mlangoni na kile kidude mapajani, juu ya leso. Alikwambia usimame wima. Ukabonyeza.

Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, nikadhani sitashtuka tena. Lakini sikuwahi kuisikia ukiwa umesimama mbele yangu. Ilitoka kwenye ile spika ndogo, ile ya nzi, na ilikuwa nyembamba, na kila mtu aliinamisha kichwa. Wewe ulifumba macho. Mama hakufumba. Alikuangalia muda wote, Phares, kutoka viatu mpaka nywele, kama mtu anayehakikisha kitu kimerudi kamili. Ulipoanza kutetemeka mabega alinyoosha mkono, kisha akaurudisha mapajani. Nadhani alitaka uimalize mwenyewe.

Ilipoisha ulikuwa na kidole juu ya kitufe cha kufutia na hukibonyezi. Watu walingoja. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, na sijui niliomba ufute au usifute.

Ulisema, nilisikia japo ulisema chini sana, "Mama, ikitoka hii sitakuwa na sauti yako tena."

Naye akakujibu bila kupandisha wala kushusha, kama mtu anayekwambia mlango uko wapi. "Mimi niko hapa. Niulize kitu, nitakujibu."

Hapo ndipo hukuona nyuso za watu. Adoyo alijifunika mdomo kwa kiganja. Owuor alitoka nyuma ya watu. Mohamednur, aliyekuwa amesimama mbali kama mgeni, aliangalia chini akatabasamu peke yake. Na mimi niliangalia kidole chako kikishuka, na ile taa ndogo ikizimika kwenye kitufe cha kwanza.

Nilidhani utaanguka.

Halafu ukafumbua macho, ukapangusa pua kwa mkono wa shati, ukamuuliza, "Mama, umepika nini?"

Naye akakujibu.

Mkeo,
Elsie